Marehemu Weris Jelle na Mipaka Minne ya Beerti Weris

Bismillahir Rahmanir Rahim. Masheikh wetu, wazee wetu, mama na dada zetu mlioketi upande wa pili wa turubai, jirani zetu Wamalakote mliovuka mto tangu asubuhi, wauguzi mliotoka mjini Garissa siku yenu ya mapumziko, na nyote mliokuja kutupa mkono wa pole, assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Jina langu ni Ruweyda Abdiwahab, mwalimu wa shule ya msingi na mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kusoma historia ya mama yetu, Weris Jelle Adan, leo Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, siku ya tatu tangu tumzike. Najua kwamba kwetu hili si desturi, sisi tukishazika tunasoma Kurani, tunaomba dua, tunakula, tunatawanyika, na hakuna anayesimama kuhesabu miaka ya maiti. Lakini mama aliusia isomwe, na sababu yake nitaitaja ikifika mahali pake. Nasoma kwa Kiswahili kwa kuwa mtu aliyemfundisha kushika jembe yupo hapa na hajui Kisomali, na kwa kuwa mama alitaka kila aliye chini ya turubai hili asikie, asije mtu kesho akasema hakuelewa.

Marehemu alizaliwa mwaka 1958, na kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama kinavyosema kitambulisho cha karibu kila mtu wa rika lake hapa, kana kwamba nyika yote ilijifungua siku moja. Ukweli aliopewa na mama yake, nyanya yetu Ardo, ni kwamba alizaliwa msimu wa mvua ndefu, familia ikiwa imepiga kambi katikati ya safari kati ya Bura ya Fafi na mto, siku ambayo ngamia wawili walizaa, na wazee waliikumbuka siku hiyo kwa ajili ya ngamia. Yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia jambo hilo huku akicheka, akisema kwamba angalau wale ngamia walikuwa wa maziwa mengi.

Shule hakuiona. Alisoma duksi misimu miwili tu, chini ya mwalimu aliyehama pamoja na mifugo, ubao wake wa kuandikia aya ukibebwa juu ya ngamia pamoja na vyombo vya maziwa, akahifadhi sura fupi fupi zilizomtosha kwa swala maisha yake yote. Kuandika jina lake alijifunza akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, na aliyemfundisha ni mimi, likizo ya Agosti mwaka 1999, nikiwa kidato cha tatu. Tulianza kwa kijiti kwenye mchanga wa laga, kijito kikavu cha msimu, tukahamia kwenye magunia ya vitunguu kwa mkaa, na Jumatano tarehe 25 Agosti akaandika Weris Jelle kwenye karatasi, herufi ya mwisho ikiwa kubwa kuliko zote kwa sababu alikuwa na furaha na mkono ukamponyoka. Tangu siku hiyo hakuweka tena kidole gumba kwenye karatasi yoyote. Alitia sahihi kupokea mahindi ya msaada, alitia sahihi kadi za kliniki, alitia sahihi barua za shule za wajukuu, na karani akimsogezea wino wa kidole aliusukuma kando akaomba kalamu, hata kama foleni ilikuwa ndefu na watu nyuma yake wananuna. Wengi wenu mliokuwa kwenye foleni hizo mpo hapa. Naomba jambo hilo mlishike, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1975 marehemu aliolewa na baba yetu, Abdiwahab Salah, kwa ndoa iliyofungwa kando ya visima vya Bura, na mwezi wa Mei mwaka 1976 nikazaliwa mimi. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mama mkwe wake alijifungua mtoto wa kiume na kufariki, akaacha kichanga cha siku tisa. Mtoto huyo ni Duale Salah, ndugu wa baba yetu wa mwisho kuzaliwa. Wazee walikuwa wakitafuta mbuzi wa maziwa wa kumlea, mama akawaambia mbuzi wa nini na yeye yupo, akampokea, akamweka titi la kulia, mimi nikabaki na la kushoto, akatunyonyesha sote wawili miaka miwili kamili. Masheikh wanajua kuliko mimi, kwa sheria ya dini yetu Duale hakuwa tena shemeji wa mama, alikuwa mwanawe wa kunyonya, na mimi ni dada yake. Mungu alimjalia mama watoto watano wa kuzaa, mimi, Idil, Asli, Ramlo, na mdogo wetu Jelle aliyefariki akiwa na miezi saba katika ukame wa mwaka 1984, kwa hiyo mwana wa kiume aliyembakia duniani alikuwa Duale, naye alimpenda bila kipimo.

Ukame huo ndio uliozaa mahali hapa tulipoketi, na historia ya mama kuanzia hapo ni historia ya mahali. Baba alikuwa na ng'ombe sitini na wawili na ngamia tisa, na hadi Januari mwaka 1985 walibaki ng'ombe watatu na ngamia mmoja jike aliyekuwa akiegemea miti. Jumatatu tarehe 18 Machi 1985 familia ilifika ukingo wa mashariki wa Mto Tana, kilomita thelathini na moja kaskazini mwa mji wa Garissa, wakati huo pakiwa msitu wa mikoma na miiba, njia za viboko kushuka majini, na hakuna hata boma moja. Ng'ambo ya mto alikuwa akilima Mzee Komora Dhadho, huyu aliyeketi hapa karibu na masheikh. Mama alimwona akivuna mahindi mabichi wakati nyika nzima imekuwa majivu, akavuka kwa mtumbwi wake asubuhi ya pili, akaketi pembeni ya shamba siku nzima akitazama, na jioni akamwambia kwa Kiswahili chake cha wakati huo, "Mzee, hii kazi nafunza mimi, watoto nakufa."

Mzee Komora alimfundisha kusafisha, kutifua, kupanda ndizi umbali wa hatua nne, kuchimba mfereji ili maji yatembee yenyewe, na kulala juu ya jukwaa akigonga debe viboko wasiingie. Hakuchukua chochote. Wenzetu wafugaji waliokuwa wakipita na mifugo yao iliyosalia walisimama kumtazama wakasikitika, kwa sababu kwetu mtu wa kuchimba ardhi alihesabiwa mtu aliyeshindwa, wakamuuliza baba kama mkewe amerukwa na akili, na kwa kebehi wakapaita mahali hapa Beerti Weris, yaani shamba la Weris. Msimu uliofuata wakarudi na makopo kuomba mahindi. Mama aliwapimia, na jina hakulibadilisha, akasema waliotoa jina ndio waliokula. Na ninyi mnaocheka huko nyuma, baba zenu walikuwemo.

Alikuwa mkulima, lakini moyoni hakuacha kuwa mfugaji, na mtu asiyejua hilo hawezi kuelewa yaliyotupata. Yule ngamia aliyesalia alipona, akazaa, na uzao wake uliwekwa kwa jamaa zetu upande wa Bura, na kila mvua iliponyesha huko mama alikosa usingizi. Alikuwa akisema kwamba nyanya ni chakula, lakini ngamia ni mtu wa nyumbani.

Kufikia mwaka 1990 palikuwa na familia kumi na tisa hapa, na kufikia mwaka 2010 arobaini na moja. Mwaka 1994 kikundi chetu cha wakulima kilinunua mashine ya kwanza ya kuvuta maji, na hapo ndipo mama alipoweka utaratibu mnaoutumia hadi leo, kwamba maji hugawanywa kwa swala, nyumba moja huchukua kutoka alfajiri hadi adhuhuri, nyingine kutoka adhuhuri hadi alasiri, nyingine kutoka alasiri hadi magharibi, kwa sababu saa za mkononi zilikuwa mbili na zote hazikubaliani, ila adhana kila mtu anaisikia. Na zamu ya kwanza ya kila msimu ilikuwa ya nyumba yenye yatima. Utaratibu huo haukuandikwa popote, na kwa miaka thelathini na moja haijawahi kutokea ngumi moja kwenye mfereji, jambo ambalo marehemu Bwana Musembi, afisa wa kilimo kutoka Kitui aliyetuhudumia miaka kumi na minane, alikuwa akiwasimulia watu wa sehemu nyingine na hawamwamini.

Vitunguu vyake vilifika Mwingi na Thika. Wachuuzi walipenda kumwigiza namna alivyowaambia, "Baba, kitunguu ni safi, toa besa, usishike shike," na yeye aliwaacha wamwigize mradi pesa imetoka. Kwa vitunguu hivyo, mwezi wa Januari mwaka 1986, alipata karo na sare ya mtoto mmoja, na watoto tulikuwa wawili wa umri mmoja. Alimpeleka Duale. Mimi nilibaki miaka mitatu nikifukuza ndege kwenye mtama, nikaanza darasa la kwanza mwaka 1989 nikiwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mwalimu. Nililia sana, naye akaniambia kwamba yatima hutangulia, shuleni kama kwenye maji. Sikumlaumu wakati huo, na leo sitasema uongo mbele yenu, nimemlaumu mwaka huu.

Mwezi wa Novemba mwaka 1997 mto ulifurika, ukachukua mashine, ndizi zote na nyumba ishirini na mbili, na maji yalipoondoka mto wenyewe ulikuwa umehama, umesogea magharibi hatua mia tatu na kuacha mkondo wa zamani ukiwa bwawa. Baba yetu alifariki kwa homa iliyofuata mafuriko, Jumanne tarehe 20 Januari 1998. Mama alikuwa na miaka arobaini. Jamaa walimtaka arudi Bura, akakataa, akaziita familia zote zilizorudi, wakatembea kwa miguu mzunguko mzima kuangalia nini kimebaki, na katika matembezi hayo wakakubaliana mipaka ya Beerti Weris, nayo naisoma kama alivyonitajia, neno kwa neno. Magharibi ni ukingo wa mto wa sasa, pamoja na bwawa la mkondo wa zamani, ambalo ni la wote. Kusini ni laga ya Libah, kutoka inapoingia mtoni hadi kwenye mwamba uliopasuka. Kaskazini ni safu ya mikoma kumi na saba, sasa imebaki kumi na minne. Mashariki ni tuta la mawe meupe, kuanzia mwamba uliopasuka hadi kwenye mti wa garas ulio peke yake pembeni ya kaskazini. Waliotembea siku hiyo walikuwa watu thelathini na wanne, na kumi na moja kati yao wako hai na wameketi hapa. Duale alikuwa mmoja wao, kijana aliyemaliza kidato cha nne wiki chache kabla, na kwa kuwa yeye pekee alijua kusoma na kuandika kisawasawa, siku hiyo hiyo wakamfanya katibu. Mama ndiye aliyemtaja.

Miaka ishirini na moja Duale aliandika barua zetu, alisoma matangazo yetu, aliweka nakala za vitambulisho vyetu katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, na hakuna aliyewahi kumwomba aonyeshe alichoandika. Hiyo ndiyo namna yetu. Mtu wako akisema, umeona. Shule ilifunguliwa hapa mwaka 2003, msikiti wa matofali mwaka 2007, na katika karatasi zote mahali pakaitwa Beerti Weris.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 mvua zilinyesha upande wa Bura kama hazijanyesha kwa miaka mingi. Habari zilifika kwamba majani yamefika magotini na ngamia wanazaa, na anayetujua anajua kilichofuata, siku ya Jumamosi tarehe 2 Novemba Beerti Weris nzima ilifunga milango, watu na mbuzi na watoto, tukaifuata mvua kama walivyofanya babu zetu. Mama akiwa na miaka sitini na mmoja alikuwa mbele. Mimi mwenyewe niliomba ruhusa kazini. Tulimwachia Duale shamba alinde, kama tulivyomwachia kila kitu. Mwezi mzima tulikunywa maziwa, mama alikesha na ngamia wake, na sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Maafisa wa kupima ardhi walikuja Jumanne tarehe 26 Novemba 2019. Walikuwa wametoa taarifa wiki tano kabla, kwa maandishi, kwa katibu. Taarifa hiyo hakuna aliyesomewa. Walikuta mashamba bila watu, wakamuuliza Duale wenyewe wako wapi, na jibu lake liliandikwa kwenye ripoti, nimeisoma kwa macho yangu, kwamba hawa si wakulima, ni wafugaji wa kupitapita, huja kufanya vibarua na kuondoka na mvua. Yaani wafugaji walimwambia mama si mfugaji kwa sababu analima, na mwanawe akamwandika si mkulima kwa sababu ana ngamia. Siku hiyo eneo lote, kutoka mtoni hadi kwenye tuta la mawe meupe, liliandikwa kwa jina la Shamba la Duale na Wanawe, pamoja na karatasi inayosema kwamba mwanzilishi, Weris Jelle, amemwachia mwanawe haki zake zote kwa hiari.

Karatasi hiyo imewekwa kidole gumba.

Hatukujua lolote kwa zaidi ya miaka minne. Alikuja kula kwetu kila Idd, alimletea mama dawa kutoka mjini, alisimama na sisi kwenye mafuriko ya mwaka 2023 tukibeba magunia ya mchanga kuziba ukingo, ukingo ambao katika karatasi ulikuwa wake tayari. Ni tarehe 5 Machi 2024, siku ya Jumanne, ambapo watu tusiowajua walikuja kupanda bikoni za saruji za kuonyesha mpaka, wakatuambia kwamba shamba limekodishwa kwa kampuni kwa miaka thelathini, na kwamba vibarua wanaombwa wavune na kuhama kabla ya tarehe 31 Desemba 2025. Leo imebaki mwezi mmoja na nusu.

Mama alikwenda kwenye baraza mara tatu, mwezi wa Aprili, wa Juni na wa Septemba mwaka huo, kutaja mipaka hii minne na kusema kwamba yeye hutia sahihi, haweki kidole. Mara zote tatu aliambiwa, "Mama, kaa chini kidogo," kwamba mjane huzungumziwa na mwanawe, na mwanawe yupo. Ndipo Duale aliposimama kumzungumzia. Alisema mama ni mgonjwa na amesahau. Wazee mliokuwepo mlisikia, mkatazama chini, na ninawaheshimu kwa umri wenu, lakini mlitazama chini.

Mama hakuwa amesahau. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu mwaka 2016, na mwezi wa Oktoba mwaka 2024 figo zikaanza kushindwa, tukawa tunampeleka mjini Jumatatu na Alhamisi kusafishwa damu. Kikongwe Halima wa pale soko la vitunguu husema ni uchungu uliomla, mimi daktari aliniandikia figo na siwezi kubishana na daktari. Najua tu kwamba alikuwa akilala kwenye kile kitanda kwa saa nne, bomba mkononi, akinitajia majina ya watu thelathini na wanne waliotembea mpaka. Na hapo ndipo aliponieleza sababu ya historia hii. Mwaka 2021 alikuwa amesafiri hadi karibu na Mwingi kumzika Bwana Musembi, akasikia kwa mara ya kwanza maisha ya marehemu yakisomwa, kila jambo na tarehe yake na mahali pake, umati mzima umenyamaza. Aliniambia alichokipenda ni kwamba hakuna mtu aliyesimama kumkatiza. Mtu akiwa hai watamwambia akae chini, akasema, akishalala chini hawana la kumwambia. Basi niandikie na mimi, akasema, na usiache hata mkoma mmoja.

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi na moja na robo alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, na maneno yake ya mwisho yalikuwa shahada. Ameacha mabinti wanne, mwana mmoja wa kunyonya, wajukuu kumi na tisa na vitukuu watatu.

Aliusia azikwe chini ya mti wa garas, pembeni ya kaskazini mashariki, hatua mbili ndani ya mpaka. Wanaume wa familia walisita, kwa sababu kwa karatasi ile mti una mwenyewe, na haizikwi maiti katika ardhi ya mtu bila ruhusa yake. Sisi wanawake hatukufika kaburini, ila tulisimama kwenye mfereji tukitazama, na yaliyosemwa tumeyapata kwa waliokuwepo, nao ni wengi na hawajatofautiana hata kwa neno moja. Mchimba kaburi alimgeukia Duale akamuuliza achimbe wapi. Duale alikuwa amekwisha kuvua viatu, kwa kuwa mwana wa kunyonya ni maharimu na yeye ndiye aliyepaswa kuingia kaburini kumpokea mama yake. Alikuwa analia, na siwezi kusema alikuwa anaigiza, mimi namjua kilio chake tangu tukiwa kifua kimoja. Akasema, mbele ya imamu, mbele ya Mzee Komora, mbele ya wanaume zaidi ya mia mbili, "Mama azikwe shambani kwake."

Ndugu yangu Duale, nakuona umeketi karibu na nguzo ya tatu. Sikuja kukutukana, mama alinikataza, na usia wake kwako ulikuwa mfupi. Alisema, mwambieni Duale maziwa nimemsamehe, yote, ya miaka miwili, asije akaogopa kiama kwa ajili ya maziwa yangu. Lakini ardhi siwezi kumsamehe, kwa sababu si yangu peke yangu, ni ya nyumba arobaini na moja, akaombe mlango kwa mlango, aanzie kwenye nyumba yenye yatima. Ndivyo alivyosema. Mimi bado sijafika alipofika yeye, nina hasira, na ninamwomba Mungu anifikishe.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa Sista Asli Isacko aliyekuwa akimpigia mama simu kumkumbusha dawa hata akiwa likizo, tunawashukuru madereva wa pikipiki wa hapa waliombeba mwaka mzima na kukataa nauli, tunawashukuru walimu wenzangu, na jirani zetu wa ng'ambo waliopika siku hizi tatu, na Mzee Komora, ambaye kama si yeye nisingekuwepo kusoma. Kama marehemu alimkosea mmoja wenu kwa ulimi au kwa mkono, tunaomba mumwie radhi. Na nyinyi mliokuwa kaburini siku ya Ijumaa, baraza la ardhi linakaa mjini Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, na gari litaondoka hapa msikitini baada ya alfajiri. Sina karatasi ya kuwapa. Mkaseme tu mlichokisikia kwa masikio yenu, kwamba mwana alipoulizwa kaburi lichimbwe wapi, alijibu hii ardhi ni ya nani.

Mama, hapo ulipo hawakupimi tena, na hakuna wa kukuambia ukae chini. Pumzika kwa amani, shambani kwako.